Mikunjo ya Kando ya Mdomo: Walichotaka Kuniuzia Kampala na Nilichokinunua

Mwaka jana, katikati ya muhula wa pili, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono, akasimama, akaniuliza kwa heshima zote: "Madam, leo tumekukosea nini?" Hawakuwa wamenikosea lolote. Nilikuwa nimesimama kando ya dirisha nikisubiri wamalize kunakili mifano ya ngeli ya KI-VI, na mwanga wa asubuhi ulikuwa ukinipiga shavu moja tu, ukaacha kivuli kirefu kutoka puani hadi kwenye pembe ya mdomo, kivuli ambacho mtoto wa watu alikisoma kama hasira. Jioni ile nilijitazama kwenye kioo nikaona kwamba hata mimi, kama ningekuwa mwanafunzi, ningeuliza.

Nina miaka 52, ni Mnubi wa Bombo, na nimefundisha Kiswahili Kampala kwa zaidi ya miaka 20. Tathmini hii inahusu huduma nilizozizungukia kwa ajili ya mikunjo ile miwili inayoshuka kutoka kwenye mabawa ya pua hadi kwenye pembe za mdomo: vyumba vitatu, ushauri wa namna tatu, na matibabu niliyoyachagua mwishowe, ambayo sasa yamefikisha miezi tisa usoni mwangu. Nililipa kwa fedha zangu, sikupunguziwa bei na yeyote, na majina ya mahali nimeyaacha makusudi.

Nilianzia saluni, kama wengi wetu tunavyoanza. Msusi wangu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ana chumba chake katika jengo la maduka karibu na kituo cha teksi, na siku hiyo alinionyesha peni ya chuma yenye springi ndani, akaniambia, "Mama, hii haina sindano, haichomi, dakika kumi tu unarudi nyumbani." Jeli yenyewe ilikuwa katika kichupa kisicho na jina la kiwanda, wala namba ya toleo, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, kilikuwa na picha ya ua la waridi tu, na maandishi ya dhahabu. Peni za namna hiyo husukuma jeli kupenya ngozi kwa nguvu ya shinikizo, na anayeishika hana namna ya kuamua itafika kina gani wala itaangukia wapi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya vifaa hivyo mwezi Oktoba 2021, na msingi wa onyo ni huohuo: uso umejaa mishipa ya damu, na jeli iliyotupwa ovyo inaweza kuiziba. Nilimalizia kusukwa, nikalipa za nywele tu. Bado ni msusi wangu, kwa sababu kwenye nywele mikono yake haina mfano.

Chumba cha pili kilikuwa katika mtaa wa Kololo: kiyoyozi, kahawa ya bure, na sofa jeupe ambalo niliogopa kulikalia na gauni langu lenye vumbi la boda. Kijana aliyevaa koti jeupe alinitazama kwa muda ambao sidhani ulifika dakika saba, akanifungulia albamu ya picha, kisha akanitajia kifurushi cha huduma tatu kwa bei moja, yaani Botox, nyuzi za kuvuta ngozi, na leza. Albamu ile ndiyo iliyonifumbua macho. Katika kila picha ya kabla ya matibabu taa ilikuwa juu ya kichwa, na taa ya juu huchimba vivuli usoni hata kwa binti wa miaka 20. Katika kila picha ya baada ya matibabu mwanga ulitoka mbele, kidevu kimeinuliwa kidogo, na mdomo umepakwa rangi. Mama mmoja alivaa hereni zilezile na kitambaa kilekile kichwani katika picha zote mbili, na hata kifundo cha kitambaa kilikuwa kimelalia upande uleule. Ninasahihisha insha kwa riziki yangu. Kazi iliyonakiliwa naijua hata ikibadilishwa kalamu.

Nitakipima kifurushi kile kipande kwa kipande, kwa kuwa ndicho kinachouzwa zaidi. Botox hulegeza misuli. Ilipata idhini ya matumizi ya urembo Marekani mwaka 2002 kwa mistari ya katikati ya nyusi, na mahali kama hapo, au kwenye paji la uso, hufanya kazi yake kwa miezi mitatu hadi minne. Mkunjo wa kando ya mdomo, hata hivyo, mara nyingi hauletwi na msuli unaokaza kupita kiasi. Misuli iliyo eneo lile ndiyo inayoinua mdomo wa juu tunapocheka na tunaposema, na ikilegezwa isivyofaa mtu anaweza kubaki na tabasamu la upande mmoja kwa miezi. Mimi ninayewafundisha watoto wanaoongea Kiganda na Kilugbara kutamka "mbwa" na "ng'ombe" kwa kuwaonyesha midomo yangu, siwezi kuichezea kamari midomo hiyo.

Nyuzi, kwa upande wake, huingizwa chini ya ngozi ili kuivuta kuelekea juu. Zile za kawaida huyeyuka zenyewe baada ya nusu mwaka hivi. Mvuto wake ni mdogo, hupungua mapema, na zikivutwa vibaya huacha vishimo au shavu moja likawa juu ya jingine. Kwa bei niliyotajiwa, niliona ni kulipia kamba ya kuanikia nguo ambayo itakatika kabla ya Krismasi.

Kuhusu leza nina neno refu zaidi, kwa sababu hapo ngozi yetu ina hoja yake. Kipimo cha daraja sita za ngozi kinachobeba jina la daktari Mmarekani Thomas Fitzpatrick huwaweka wengi wetu katika daraja la tano na la sita, na katika daraja hizo jeraha lolote dogo, hata la joto, huweza kuamsha rangi ya ngozi na kuacha doa jeusi. Leza za kuondoa tabaka la juu la ngozi, kama ya kaboni dioksidi, zina hatari hiyo zaidi. Zile za mawimbi marefu, kama ya naomita 1064, huvumilika vizuri zaidi kwa mtu mweusi, lakini haziwezi kuujaza mkunjo uliokwenda chini. Nilimuuliza kijana yule mashine yake ni ya aina gani. Alinijibu kwamba ni ya kisasa.

Madoa hayo ninayafahamu kwa mwili wangu. Miaka sita iliyopita, mahali ambapo sitapataja, nilipakwa asidi ya kuchubua ngozi kwa ahadi ya kung'aa, ikaachwa usoni hadi nikaomba maji mwenyewe, na madoa meusi yakakaa mashavuni mwangu kwa miezi minane. Nilifundisha muhula mzima nikiwa nimevuta mtandio hadi kwenye pua.

Kabla sijaondoka Kololo niliuliza maswali mawili ambayo ninawashauri wanawake wenzangu wayaandike kwenye simu. La kwanza, jina kamili la atakayenichoma, ili nilitafute katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, ambalo husajili madaktari na kuwapa leseni ya kila mwaka. La pili, kama wakinichoma jeli ya kujaza mkunjo nayo ikaingia kwenye mshipa wa damu, dawa ya kuiyeyusha iko wapi humu ndani. Kwa la kwanza nilipewa jina moja tu, la ubatizo. Kwa la pili niliambiwa, "Hatujawahi kupata tatizo." Nikanywa kahawa yao, nikashukuru, nikatoka.

Chumba cha tatu kilikuwa cha daktari wa ngozi katika hospitali binafsi. Ada ya kumwona ilikuwa shilingi 80,000, na nilikaa kwenye benchi kwa saa mbili na robo, jambo ambalo ninaliandika hapa kama dosari, kwa kuwa nilikuwa na miadi ya saa nne na niliitwa saa sita na robo. Daktari alisomea Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na kwa hiyo tuliongea Kiswahili chetu bila kubabaika. Hakufungua albamu yoyote. Alinilaza chali, akanipa kioo cha mkononi, akaniambia nikishike juu ya uso. Mikunjo ilikuwa imepungua kiasi cha kunifanya nicheke, na nilipocheka ikarudi. Kisha akaniketisha, akaniwekea kioo mapajani, akaniambia niiname nikitazame, na pale nikamwona marehemu mama yangu ananitazama kutoka chini. Mwishowe aliweka vidole viwili juu ya mfupa wa shavu langu na kuinua nyama kidogo, upana wa punje ya mchele tu. Mkunjo ulifunguka.

"Mwalimu," alisema, "tatizo liko huku juu. Huku chini ni matokeo."

Maelezo yake, ambayo nimeyahakiki kwa kusoma, ni haya. Kadiri miaka inavyokwenda mfupa wa taya la juu hupungua na kurudi nyuma kando ya pua, mafuta yanayojaza shavu hupungua na kuteremka, ngozi hulegea, lakini mstari ambapo shavu linakutana na mdomo umeshikwa imara na hauteremki pamoja na vingine. Shavu hulala juu ya mstari huo kama blanketi juu ya kamba. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani ile rangi inayoikinga na jua, na ndiyo maana makunyanzi madogo ya jua hutuchelewa. Lakini mfupa na mafuta havijui rangi, na kwa wengi wetu dalili ya kwanza ya umri huwa ni kivuli hiki, wakati paji la uso lingali laini. Jua nalo halina likizo hapa: Kampala iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye kimo cha takriban mita 1,200, na miale yake huwa mikali mwaka mzima.

Kisha aliniuliza, bila kunihukumu, kama ninatumia krimu za kujichubua. Sikuwa nazitumia, lakini swali ni la lazima, kwa sababu krimu zenye steroidi hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda hupona vibaya baada ya sindano yoyote. Shirika la Viwango la Uganda limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kujichubua, ila kila anayepita soko la Kikuubo anajua kwamba marufuku ni kitu kimoja na rafu za duka ni kitu kingine.

Kuhusu njia za matibabu alizonieleza, ya upasuaji tuliimaliza haraka. Uganda ina madaktari wazuri wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na hospitali ya CoRSU iliyo Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, inajulikana kwa kazi hiyo, hasa kwa watoto wenye midomo iliyopasuka na watu walioungua moto. Hata hivyo, kuinua ngozi ya uso kwa kisu hunyoosha taya na shingo zaidi kuliko mkunjo huu, na kovu hupita mbele na nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi yetu hupenda kuota keloidi, yaani kovu linalovimba kuliko jeraha lenyewe. Dada yangu ana keloidi ya ukubwa wa karanga kutokana na tundu la hereni. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Zilibaki sindano za kujaza, na hapa ndipo uamuzi ulipokuwa mgumu. Kuna jeli ya asidi ya haialuroni, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na ambacho kilitambuliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer kutoka kwenye ute wa jicho la ng'ombe. Jeli iitwayo Restylane ilipata idhini Marekani mwezi Desemba 2003 kwa mikunjo hii hasa. Hudumu kati ya miezi sita na mwaka, wakati mwingine zaidi. Kuna Radiesse, ambayo ni chembe za madini ya kalisiamu ndani ya jeli, na ambayo hudumu mwaka au zaidi. Kuna Sculptra, ambayo haijazi papo hapo bali huuchochea mwili utengeneze kolajeni yake, protini inayoipa ngozi uimara, kwa miezi kadhaa. Inahitaji ziara mbili au tatu zinazoachana kwa wiki kadhaa, na mgonjwa huelekezwa kujisugua uso kila siku kwa siku tano. Kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa watu waliokonda mashavu kwa sababu ya virusi vya Ukimwi, na ndipo mwaka 2009 ikaruhusiwa kwa mikunjo kama yangu. Kwa hesabu ya duka, zinazodumu zaidi ndizo rahisi. Nilikuwa nikielekea kuchagua mojawapo ya hizo mbili.

Kilichonigeuza ni swali langu la pili. Jeli ya haialuroni ina kimeng'enya cha kuiyeyusha, kiitwacho haialuronidesi. Radiesse na Sculptra hazina dawa kama hiyo. Ateri ya uso hupita jirani kabisa na mkunjo huu ikielekea puani, na jeli ikiingia humo ngozi inaweza kufa, na kwa nadra sana mtu anaweza kupoteza uoni wa jicho. Daktari hakunificha hilo. Alivuta droo, akatoa kiboksi cha kimeng'enya, akanionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi, akakirudisha. Ishara hiyo ya sekunde kumi ilinishawishi kuliko sofa jeupe na albamu nzima.

Na bado hakunichoma siku ile. Aliniandikia tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, kwanza usiku mmoja ndiyo na unaofuata hapana, na losheni ya kukinga jua yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa ile nyeupe hutuacha na uso wa majivu na kwa kuwa oksidi ya chuma inayoitia rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaozidisha madoa. Wajawazito hawatakiwi kutumia tretinoini, na wasiopenda subira hawataipenda: wiki za kwanza ngozi yangu ilibabuka kama ya mtoto mchanga. Baada ya miezi mitatu ngozi ilikuwa laini, madoa ya zamani yamefifia, na mikunjo iko palepale ilipokuwa. Ninampa alama za juu kwa kunitabiria hivyohivyo.

Ndipo nikachagua jeli ya haialuroni. Bomba moja la mililita 1 liligharimu shilingi milioni 1 na laki 3, ambazo kwangu ni karibu ada ya muhula ya mwanangu wa mwisho. Shangazi yangu wa Bombo, nilipomwambia, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Na hiyo nyama wanayokuwekea, ukifa unazikwa nayo?" Nilimwambia kwamba itakuwa imeisha. Akasema basi ni afadhali ningenunua mbuzi.

Kazi yenyewe ilichukua nusu saa. Alinisafisha uso mara mbili, akaweka alama kwa kalamu nyeupe, akafungua kiboksi cha jeli mbele yangu na kunisomea namba ya toleo. Sehemu kubwa ya jeli ilikwenda juu ya mfupa wa shavu. Katika mkunjo wenyewe alitumia kanula, sindano butu isiyotoboa mshipa kirahisi, akasukuma polepole huku akitazama rangi ya ngozi. Maumivu yalikuwa ya kuvumilika, ila ile hali ya kuhisi kitu kinatambaa chini ya ngozi sitaipamba. Niliambiwa nisifanye mazoezi mazito kwa siku mbili, nisiende kwa daktari wa meno kwa wiki mbili, na nikiona ngozi imekuwa nyeupe au ya mabakamabaka, au nikisikia maumivu yanayozidi, nirudi saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Nilipewa namba ya simu, nikaijaribu nikiwa bado kwenye maegesho. Ilipokelewa.

Siku ya pili nilikuwa nimevimba. Siku ya nne alama ya samawati ilijitokeza chini ya jicho la kushoto, ikaondoka siku ya kumi. Baada ya wiki mbili kivuli kilikuwa kimepungua, kwa makadirio yangu, kwa nusu: mkunjo upo, unaonekana nikicheka, lakini nikinyamaza uso wangu haumkaripii mtu. Mume wangu hakugundua kitu hadi nilipomwonyesha risiti. Sasa mwezi wa tisa shavu la kushoto limeanza kurudi chini kidogo kuliko la kulia, upande ninaolalia.

Malalamiko yangu kwa chumba cha tatu ni ya kiofisi. Mbali na kusubiri, risiti ya kwanza iliandikwa "huduma ya ngozi" bila mchanganuo, na nilibishana hadi nikapata nyingine inayotaja jeli na namba yake. Picha za kabla na baada walizipiga chini ya taa tofauti, nami, baada ya yale ya Kololo, nilikataa na kusimama pale niliposimama mara ya kwanza, nimevaa hereni nyingine kwa makusudi.

Kwa mwanamke wa miaka 35 ambaye mkunjo wake unaonekana akicheka tu, ningesema losheni ya jua na tretinoini zitamtosha kwa miaka mingi, na fedha zake zibaki benki. Kwa aliye kama mimi, jeli ilistahili mara moja. Sina hakika ingestahili mara mbili kwa mwaka. Kibandiko cha namba ya toleo nimekibandika nyuma ya shajara yangu ya kazi, pamoja na tarehe na jina la daktari. Ananitaka nirudi Januari. Nimemwambia tuonane Machi, ada za Februari zikishalipwa.